Ukurutu na Makopo Yasiyo na Jina

Kiangazi cha Januari kikiingia Nakuru, ngozi za watoto wenye ukurutu (eczema), ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, huanza kupasuka kwa ukavu na vumbi. Wanajikuna usiku kucha, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni. Ushauri nao humiminika: shangazi anasema ni damu chafu, na shuleni mtoto anatengwa asiambukize wenzake. Ukurutu hauambukizi hata kidogo. Aketi nao, acheze nao, alale nao.

Linaloniumiza zaidi ni yale makopo madogo yasiyo na jina wala maelezo, yanayouzwa sokoni huku muuzaji akiapa kwamba siku tatu zinatosha. Mwasho hutulia kweli. Lakini krimu za aina hiyo mara nyingi huchanganywa na steroidi, yaani dawa za kutuliza mwasho na uvimbe, tena kali kama clobetasol, ambayo daktari huitoa kwa kipimo na kwa muda maalumu. Mama anampaka mtoto usoni wiki baada ya wiki, ngozi inakuwa nyembamba, na akiacha ghafla ukurutu unarudi kwa hasira. Baada ya hapo familia inaogopa steroidi zote, hata ile hafifu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 ambayo ingemsaidia mtoto bila kumdhuru ikipakwa kama daktari alivyoelekeza.

Ngozi yenye ukurutu haihifadhi maji, na sabuni kali huzidi kuikausha. Kwa hiyo mtoto aoge maji ya uvuguvugu, asikawie, akaushwe bila kusuguliwa, kisha apakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato kabla ngozi haijakauka kabisa. Yale ya bei nafuu ya dukani yanafaa. Apakwe hata siku ambazo ngozi inapendeza. Wengi huacha kupaka ngozi ikishapendeza. Sweta la shule lisiguse ngozi, livaliwe juu ya shati la pamba. Kwenye joto la Kisumu adui mkubwa ni jasho, basi aoge akitoka kucheza.

Tusisubiri wekundu, maana kwenye ngozi nyeusi ukurutu huonekana kijivu, zambarau au mweusi zaidi. Ngozi ikitoa majimaji au magamba ya manjano, ni hospitali siku hiyohiyo.

Maafisa wa afya wa kaunti hukagua mikahawa yetu. Nawaomba, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu inayosimamia dawa nchini, wafike pia kwenye meza zinazouza makopo hayo.