China bado wanaomba kupunguziwa, tatizo ni wanamwomba nani

Wafanyabiashara wa Kariakoo waliozoea Guangzhou ya zamani hulalamika kwamba Wachina wa siku hizi hawapunguzi bei. Kwa mzigo wa jumla si kweli. Hapo idadi bado inaongea. Kwa rejareja wana haki. Bei imebandikwa, unaskani msimbo, unalipa kwa WeChat au Alipay, basi. Ukimuuliza kijana wa kaunta bei ya mwisho anakushangaa, maana yeye mwenyewe hana ruhusa ya kupunguza chochote.

Lakini nakataa kwamba desturi imekufa. Imehamia kwenye simu, na huko imeharibika.

Chukua Pinduoduo, programu ya ununuzi mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2015. Unachagua bidhaa, unawatumia ndugu na marafiki kiungo, kila anayebonyeza anakusaidia kushusha bei. Mwanzoni inaporomoka. Ikibaki kidogo kufika chini kabisa, kila mbonyezo unapunguza punje tu, na wewe umeshamsumbua hadi shangazi ambaye hamjasalimiana tangu sikukuu. Kampuni imepata wateja wapya. Wewe umekuwa mpiga debe wake bila posho.

Halafu kuna wauzaji wa mubashara, wanaonadi bidhaa kwa video mtandaoni, ambao hujinadi kwamba wanambana mwenye bidhaa kwa niaba ya watazamaji. Li Jiaqi alijenga jina kwa kazi hiyo. Septemba 2023 mtazamaji mmoja alisema penseli ya nyusi ya yuan 79 ni ghali. Li akamjibu kwamba wakati mwingine mtu ajiulize kama mshahara wake umepanda miaka yote hii, na kama amefanya kazi kwa bidii. Watu walichachamaa, naye akaomba radhi huku akilia. Muuzaji wa soko la Xiushui pale Beijing, yule wa kukuandikia bei kwenye kalkuleta nawe ukaifuta na kuandika robo yake, naye angeweza kukusimanga. Ila ungeanza kuondoka, angekuita. Watazamaji wa Li hawakuwa na hatua za kupiga wala mtu wa kuwaita.

Ninapopaona pana uhai ni Xianyu, jukwaa la Alibaba la vitu vilivyotumika. Mwanafunzi anauza baiskeli yake, mwingine anaitaka, wanavutana kwa ujumbe. Wauzaji wengine huandika kabisa kwenye tangazo kwamba bei haipungui. Wanaombwa vilevile.