Sambusa ni ya joto, pasti ni ya baridi

Saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, giza linaingia saa kumi na moja jioni, na sisi Waswahili wa huku Uingereza tunaanza matanga. Baridi hii, jamani. Mvua hii. Miaka ya mwanzo nami nilikuwa mwombolezaji mkuu. Siku hizi naingojea baridi kwa hamu, na sababu yenyewe ni unga.

Nakaa Plymouth. Ng'ambo ya mto Tamar ni Cornwall, kunakosifika kwa pasti. Kwa asiyeijua: ni unga wa siagi uliosukumwa duara la ukubwa wa sahani, ukatiwa nyama na mbatata, ukakunjwa nusu mwezi, ukaokwa. Wachimba bati wa Cornwall walishuka nayo mashimoni kama chakula cha mchana. Tangu 2011 jina la pasti ya Cornwall limelindwa kisheria: lazima itengenezwe Cornwall kwenyewe. Kwa hiyo yangu, niliye upande wa pili wa daraja, ni pasti tu, basi.

Mara ya kwanza niliipika kisambusa. Nilikaanga kima kwa thomu, tangawizi na bizari, nikakitia kingali na moto. Ilikuwa Agosti, jiko linafukuta. Hata kabla ya kuingia oveni zilikuwa zinatoka jasho, na zilipotoka zilikuwa zimepasuka matumbo, sinia nzima inaogelea mafuta. Nilimwonyesha mama kwenye simu, yuko Tanga. Akatazama, akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hao ni kobe?"

Kosa nililijua baadaye. Siagi inatakiwa ibaki punje ndogo zilizoganda ndani ya unga mpaka iingie kwenye moto. Hapo ndipo inapoyeyuka na maji yake kugeuka mvuke, tabaka zikaachana. Ikiyeyukia mkononi mwako, unga unainywa, na unachopata ni kitu cha kumvunja mtu jino. Sasa nenda Tanga mwezi wa Januari: siagi ukiitoa frijini, hujamaliza kuchekecha unga ishakuwa mchuzi. Nadhani ndiyo maana kwetu manda ya sambusa ilishika. Haina siagi ya kuilinda, unaibabua kwenye chuma, unafunga, unatumbukiza kwenye mafuta. Ni chakula kilichoelewana na joto. Pasti imeelewana na jiko ambalo asubuhi ukigusa kibao cha kusukumia unarudisha mkono.

Kwa pasti sita nachukua nusu kilo ya unga wa mkate, ule mgumu, na robo kilo ya mafuta. Wenyewe huchanganya siagi na mafuta ya nguruwe. Mimi natia siagi na mafuta meupe ya mboga yaliyoganda, na sijaona upungufu. Nafikicha kwa ncha za vidole, natia maji ya baridi kidogo kidogo, halafu naukanda. Ndiyo, naukanda. Vitabu vingi vinaonya unga wa siagi usikandwe, lakini huu bila kukandwa hausokoteki pindo. Kisha saa tatu frijini. Novemba nauweka barazani nyuma ya nyumba, nimeufunika vizuri kwa sababu ya paka wa jirani.

Cha ndani kinatiwa kibichi. Hapa ndipo Waswahili wenzangu wanapogoma, na hapa ndipo sirudi nyuma. Nyama ya ng'ombe bapa ya ubavuni, kutoka bucha ya halali, naikata vipande vidogo kwa kisu, siisagi. Mbatata naichonga vijipande vyembamba kama mtu anayechonga penseli. Vitunguu maji. Na swede, ule mzizi wa duara wenye nyama ya manjano, ambao watu wa Cornwall wenyewe huuita tanipu ili kutuchanganya. Chumvi, pilipili manga ya kutosha, kwisha. Bizari hapana. Karoti usiitaje mbele ya mtu wa Cornwall, utaharibu ujirani. Vyote hivyo vinaivia humo ndani, vinatoa maji yao, wanga wa mbatata unayafanya mazito, na unapoivunja unakuta rojo ambalo hukulipika.

Pindo linakaa ubavuni, si juu. Unabana, unakunja, unabana, mwendo uleule wa mtu anayesuka ukili. Kuna hadithi kwamba wachimbaji walishika pindo kwa mikono yenye sumu ya madini kisha wakalitupa. Picha za zamani zinawaonyesha wameshika pasti ndani ya mfuko wa kitambaa, wanaila toka ncha hadi ncha. Mimi naamini picha. Mtu mwenye njaa futi mia chini ya ardhi hatupi mkate.

Oveni nyuzi 200 kwa dakika ishirini, kisha 170 kwa nusu saa na ushei. Kwa bei za umeme za huku, zikishatoka naacha mlango wa oveni wazi na kuvuta kiti. Madirisha yameingia ukungu, nyumba inanukia kitunguu. Hebu niambie Julai inakupa nini cha kushinda hapo.

Najua nitajibiwa kwamba wachimbaji waliohamia Mexico karne ya 19 waliipeleka pasti Real del Monte, na leo kule inaliwa na pilipili na mole, ule mchuzi wao mzito wa viungo, hakuna aliyekufa. Kweli. Lakini wale waliijua kwanza ya kwao. Sisi tunaanzia kwenye kopo la bizari.

Jumapili iliyopita nilimpigia tena mama, nikamwonyesha moja niliyoikata katikati, moshi unapanda. Safari hii akasogeza uso kwenye simu. "Hii imetulia," akasema. "Chachandu iko wapi?"

Nikamwambia hailiwi na chachandu. Kibakuli kilikuwa mezani, pembeni ya kamera.