Mzamiaji si wa kutumwa kwenye chujio linalovuta

Kila picha za takataka za bwawa la umeme la Ruzizi 1, pale Bukavu, Kongo, ambako mto unatoka Ziwa Kivu, zinaposambaa, watu humsifu mzamiaji anayeibuka na mzigo wa mifuko ya plastiki. Anastahili sifa. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayeuliza kama mtambo ulizimwa kabla hajashuka.

Chupa yenye kifuniko huelea, na maboya yaliyofungwa kwa mstari juu ya maji huinasa. Mifuko, matambara na nyavu kuukuu huzama nusu, hupita chini ya maboya na kujibandika kwenye nondo za chujio, yaani kizuizi cha taka mahali maji yanapoingia mtamboni. Chujio likiziba, maji upande wa mtambo hushuka kuliko upande wa ziwa. Kwenye anguko la mita 20, tofauti ya mita 1 tayari ni asilimia 5 ya umeme. Na tofauti hiyohiyo husukuma kila mita ya mraba iliyoziba kwa uzito wa karibu tani 1. Mzamiaji akibandua tambara moja, pengo linavuta mkono wake. Mwili ukifunika nusu mita ya mraba, amebanwa kwa nusu tani, na hakuna kamba ya kuvutwa na watu wawili itakayomnasua.

Kwa hiyo: zima mtambo, funga lango la kuingizia maji, subiri maji yalingane pande zote mbili, piga kufuli, na ufunguo akae nao msimamizi wa wazamiaji. Neno la redio halitoshi! Najua mji ukiwa gizani kila saa ya kuzima inauma. Iume.

Dawa yenyewe ni reki ya mashine inayokwangua nondo hadi chini, na vipimo vya kina pande zote mbili vyenye kengele tofauti ikifika sentimita 30. Maboya yawekwe mshazari, yasukume taka hadi ukingoni ambako kijiko cha mashine ya kuchotea kinafika. Yakikatiza mto moja kwa moja hupinda katikati na taka hupiga mbizi chini yake.

Kufungulia taka ziteremke ni kumtupia jirani: Ruzizi 2 iko chini, na inalisha Kongo, Rwanda na Burundi. Katazo la mifuko Kongo lipo tangu mwisho wa 2017, lakini mvua ya Bukavu bado inaiteremsha ziwani.

Atakayenunua reki anunue na meno ya akiba, maana matambara huyapinda, na reki iliyolala ikisubiri meno humrudisha mzamiaji majini.