Mkono wa chuma au mkono wa birika? Mvutano juu ya afya ya umma katika India ya kikoloni

Anayeanza kuchunguza historia ya tiba katika India ya Waingereza hachelewi kukutana na mabishano ya pande mbili. Upande wa kwanza unasema tiba ilikuwa silaha ya utawala: serikali iliingia majumbani, ikapekua miili, ikatenga wagonjwa kwa nguvu, na kwa njia hiyo ikajifunza kutawala watu hadi vyumbani mwao. Upande wa pili unauliza: serikali gani hiyo yenye nguvu? Wanavijiji wengi waliishi na kufa bila kumwona daktari wake, na ombi la fedha za mifereji au maji safi lilijibiwa kwamba hazina haina kitu. Kwa hawa, shida ya dola ile ilikuwa mkono wa birika, wala si mkono wa chuma.

Pande zote mbili zina nyaraka za kuonyesha. Shaka yangu ni kwamba mizani imeinamishwa na kipindi kifupi mno, kati ya 1896 na 1898, na pia na jinsi karatasi zenyewe zilivyohifadhiwa.

Kipindi hicho ni cha tauni. Septemba 1896 Dk. Acacio Viegas aliitambua katika mtaa wa Mandvi, Bombay (leo Mumbai), karibu na maghala ya bandari. Februari 1897 ikapitishwa Sheria ya Magonjwa ya Mlipuko, fupi sana, lakini ikiipa serikali ruhusa ya kufanya karibu lolote: kukagua abiria wa treni, kuwatenga washukiwa, kuingia nyumba na kuzibomoa. Wagonjwa walipelekwa hospitali kwa lazima na jamaa zao kambini. Wanawake walipapaswa kwapa na kinena kutafuta mitoki, mara nyingine na wanaume wageni. Katika mji wa Poona (leo Pune), kamishna wa tauni W. C. Rand alitumia askari kupekua nyumba. Usiku wa 22 Juni 1897, wakati wa sherehe za Malkia Victoria, alipigwa risasi na ndugu wa ukoo wa Chapekar, akafa siku chache baadaye. Bal Gangadhar Tilak, kiongozi wa kizalendo, akashtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya maandishi ya gazeti lake, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Tarehe 9 Machi 1898 zikazuka ghasia Bombay baada ya wakaguzi kutaka kumpima msichana mgonjwa nyumbani kwao.

Kwa nyaraka kama hizi, nani atabisha juu ya mkono wa chuma? Ila weka vifo mezani. Baada ya ghasia na risasi serikali ilianza kulegeza kamba, na kufikia mwanzo wa karne mpya nguvu ilikuwa imeachwa kwa kiasi kikubwa. Tauni yenyewe ndipo ilipopamba moto. Mwaka 1904 iliua zaidi ya watu milioni 1, na 1907 karibu milioni 1.3, Punjab, jimbo la kaskazini, ikiumia kuliko majimbo mengine. Unene wa majalada haufuati idadi ya maiti. Unafuata hofu ya serikali. Mwanafunzi anayesoma Bombay na Poona peke yake amesoma sehemu yenye kelele nyingi na sehemu ndogo tu ya makaburi.

Hofu hiyo nayo ina historia. Mkutano wa kimataifa wa Constantinople (leo Istanbul) wa 1866 uliitaja India kuwa chimbuko la kipindupindu, na mahujaji kuwa wabebaji wake. Kwa miaka thelathini serikali ya India ilikataa kubana safari za hija, ikidai haitaki kugusa dini. Kamishna wake mkuu wa usafi, J. M. Cuningham, hakukubali hata kwamba kipindupindu huambukizwa kutoka mtu hadi mtu, msimamo uliofaa sana biashara isiyopenda karantini. Tauni ilipoingia, na bandari za Ulaya zikatishia kufungia bidhaa za India, hija kutoka Bombay ikapigwa marufuku ndani ya muda mfupi, mwaka 1897. Kwa hiyo chuma kilitoka pale meli za mizigo zilipokuwa hatarini. Upande wa kwanza huwa unalipita jambo hili haraka.

Punjab inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiko serikali ilikojaribu njia ya ushawishi badala ya bunduki: chanjo ya tauni ya mwanasayansi Waldemar Haffkine, iliyotengenezwa katika maabara ya Parel, Bombay. Tarehe 30 Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal, watu 107 walichanjwa. Kati yao 19 walichanjwa kutoka chupa moja, yenye namba 53N, na wote 19 wakafa kwa pepopunda. Waliochanjwa kutoka chupa nyingine walisalimika. Uchunguzi uliofanyika India uliinyooshea kidole maabara: Haffkine alikuwa ameacha kutia asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu, akitegemea joto kuua vijidudu. Lakini ndani ya ushahidi huo huo kulikuwa na maelezo kwamba msaidizi aliyefungua chupa kijijini aliangusha koleo chini, kisha akaisuuza tu katika dawa kabla ya kushikia kizibo. Bakteria wa pepopunda hukaa udongoni. Tena, kama bakteria hao wangekuwa wamezaana ndani ya chupa tangu Bombay, chupa ingetoa harufu kali ilipofunguliwa. Ilichukua hadi 1907, baada ya Ronald Ross, mtafiti maarufu wa malaria, na wanasayansi wenzake kuandika gazetini London, ndipo Haffkine akasafishwa jina.

Mtafiti ajihadhari na mambo mawili hapa. Kwanza, muhtasari wa tume ya uchunguzi huo usisomwe bila viambatisho vya ushahidi. Koleo imo kwenye viambatisho. Pili, ni rahisi kuandika kwamba Mulkowal ndiyo iliyowafanya Wapunjabi waikatae chanjo, hivyo wakafa kwa wingi 1907. Huenda, lakini mfuatano wa tarehe peke yake hauthibitishi. Linganisha idadi ya chanjo wilaya kwa wilaya, kabla na baada, katika ripoti za mwaka za jimbo.

Sasa upande wa birika. Ushahidi wake mkongwe ni ripoti ya 1863 ya Tume ya Kifalme kuhusu afya ya jeshi India: askari wa Kiingereza walikuwa wakifa 69 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Fedha na wahandisi vikaelekezwa kambini. Raia walingoja. Mwaka 1882 Lord Ripon, gavana mkuu wa India, aliongeza madaraka ya halmashauri za miji na wilaya, usafi ukiwamo, na uwezo wao wa kukusanya kodi ulikuwa mdogo. Ndani ya halmashauri hizo wenye nyumba wa Kihindi mara nyingi ndio waliopinga kodi ya maji na mifereji, jambo linalowakera wanaotaka hadithi ya mkoloni na mtawaliwa tu.

Tatizo la upande huu ni kuamini maneno ya hazina. “Hakuna fedha” ni sentensi iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kugawa fedha mahali pengine. Usiinukuu kama sababu, ifuate. Katika ripoti za halmashauri linganisha makadirio na matumizi halisi, kisha uone usafi ulipata nini ukilinganishwa na barabara, polisi na mishahara. Kazi inachosha, lakini ndiyo inayotenganisha serikali isiyo na uwezo na serikali isiyotaka.

Pa kutafutia karatasi pana mitego yake. Makavazi ya Taifa ya India, New Delhi, yana kumbukumbu za mashauri za Idara ya Mambo ya Ndani, matawi ya Tiba na Usafi, zimegawanywa A kwa mashauri makubwa na B kwa madogo. Nakala zilizopelekwa London, ambazo sasa ziko Maktaba ya Uingereza, kwa kawaida hazina yale maelezo ya ndani ambayo makarani na makatibu waliandikiana kabla ya uamuzi. Anayesoma London anaona serikali yenye kauli moja. Anayesoma Delhi anaiona ikigombana. Ukitafuta usafi katika Mambo ya Ndani baada ya 1910 utakuta ukurasa mtupu, kwa sababu kazi hiyo ilihamia Idara mpya ya Elimu, na mwaka 1923 ikaingia katika idara ya Elimu, Afya na Ardhi. Baada ya mabadiliko ya katiba ya 1919 afya ya umma ilikabidhiwa mawaziri wa majimbo, kwa hiyo majalada mazito yatafute Mumbai, Chennai au Kolkata. Delhi, omba majalada mengi kuliko unayohitaji: baadhi hurudi na jibu kwamba karatasi zimechakaa, hazishikiki. Asiye na nauli aanze na ripoti za tiba zilizowekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Takwimu ndizo zinazoangusha wengi. Vifo vya vijijini viliripotiwa na mlinzi wa kijiji, chaukidar, ambaye mara nyingi hakujua kusoma. Alitakiwa kuvigawa katika mafungu machache: kipindupindu, ndui, homa, kuhara, ajali, na mengineyo. Kwenye “homa” iliingia malaria, kichomi, kifua kikuu na vifo vingi vya watoto wachanga. Malaria haipimiki kwa safu hiyo. Ndui na kipindupindu ni afadhali, maana dalili zake kila mtu alizijua. Angalia pia kigawanyo: viwango vya 1889 vilihesabiwa kwa idadi ya watu wa sensa ya 1881.

Mfano mzuri ni mafua makuu ya 1918. Kamishna wa Usafi alikadiria mwanzoni vifo karibu milioni 6. Sensa ya 1921 ikapandisha hadi milioni 12 au 13. Uchambuzi wa 1986 ulifika milioni 17 hadi 18. Mwingine wa 2012, kwa njia tofauti ya kukokotoa, ukashuka hadi karibu milioni 14. Sehemu ya tofauti inatokana na waandikishaji wenyewe: walinzi wa vijiji nao waliugua na kufa, vitabu vyao vikabaki wazi kwa majuma yale ambayo vifo vilikuwa vingi kupita yote. Ndiyo maana katika rejista ya wilaya, wiki yenye vifo vichache ghafla katikati ya Oktoba 1918 isisomwe kuwa nafuu mpaka uone nani aliijaza.