Bibi alimjua yule mbwa kabla yetu

Mwezi wa saba bibi alikuja kutoka Bahi kwa ajili ya kliniki ya presha, akafikia kwangu hapa Nkuhungu. Mnaoijua Dodoma mwezi huo mnajua, baridi kavu halafu upepo unapiga mabati usiku kucha utadhani kuna mtu anatembea juu. Mdogo wangu anayesoma UDOM naye alikuwepo, akaanza zake, eti kaka hizo muvi zako za zamani ni makaragosi tu, muvi za kutisha ni za sa hivi. Nikamwambia haya, kaa hapo. Nikachomeka flashi, nikaweka The Thing ya John Carpenter, ya mwaka 1982.

Kwa ambao hamjaiona (nitawaharibia utamu humu, ila muvi ina miaka zaidi ya arobaini msinilaumu) inaanzia Antaktika, theluji tupu, halafu helikopta inamfukuza mbwa. Mbwa mmoja tu, watu wazima na bunduki wanamtafuta wamuue. Mbwa anakimbilia kambi ya Wamarekani, Mnorway anashuka anapiga kelele kwa lugha yake huku anafyatua risasi ovyo, mkuu wa kambi anamwahi anamuua. Sasa kinachoniumiza roho mimi ni kwamba yule jamaa alikuwa anasema ukweli wote, ukijua Kinorway muvi imeisha hapohapo, anawaambia kaeni mbali na huyo, siyo mbwa. Hakuna aliyemuelewa, na mbwa akakaribishwa ndani.

Bibi naye Kiingereza hajui, maandishi ya chini hayamhusu. Alikuwa kwenye mkeka kajifunika blanketi, anamenya karanga, nikajua hata haangalii. Kuna kipande yule mbwa anapita kwenye korido peke yake, polepole, anasimama mlangoni anachungulia, ukutani kuna kivuli cha mtu, anaingia. Bibi akaacha karanga.

"Huyo siyo mbwa."

Dogo akacheka, akamwambia bibi hiyo ni muvi tu. "Mume wangu, mbwa nimefuga mimi," bibi akasema, "huyo anatembea kama mtu anayehesabu vyumba." Akarudi kwenye karanga zake. Dogo hakucheka tena mpaka muvi inaisha, na kipande cha mbwa anapasuka kwenye banda na mbwa wenzake wanang'ata waya watoke, alikuwa ameshavuta miguu juu ya kochi.

Sasa hoja yangu ni hii. Watu wanasema muvi za zamani zinatisha kwa sababu madude yalitengenezwa kwa mikono, siyo kwa kompyuta, na kweli kuna kitu hapo, Rob Bottin aliyetengeneza yale madude alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, anachanganya mpira, mayonezi, bigijii iliyopashwa moto, alijitesa na ile kazi mpaka akalazwa hospitali kwa uchovu. Ukiangalia unaona kabisa kile kitu kina ute, kipo chumbani na wale watu. Sawa. Ila hiyo siyo sababu kubwa, na nina ushahidi. Hadithi hiyohiyo ilishatengenezwa muvi mwaka 1951, kutoka kwenye kitabu kilekile kifupi cha 1938, ila wao wakaifanya dude refu lenye asili ya mmea, mpaka mmoja wao humo ndani analiita karoti. Karoti! Ni muvi nzuri kwa wakati wake lakini leo mtu anaiangalia huku anakula chipsi. Carpenter alirudi kwenye kitabu akaokota kile wenzake walichokiacha, kwamba dude linajigeuza linakuwa mwenzako, anaongea kama yeye, anakaa pale anapokaa yeye siku zote. Hapo ndo pa kutisha, na hapo hapazeeki.

Na sisi wa huku tusijifanye hatuelewi. Mtoto wa kanda hii anakua anasikia habari za fisi wa mtu, yaani ni fisi kwa sura ila ana mwenyewe, na mwenyewe unaweza ukawa ulimsalimia asubuhi kisimani. Mimi siamini (mchana siamini, usiku tuache). Lakini ile hali ya ndama kufa mfululizo halafu watu wanaanza kuangaliana, mwaliko unakuja unasema nimeshiba, hiyo nimeiona kwa macho yangu na haihitaji dude lolote.

Ndo maana kile kipande cha kupima damu ni noma. Wanaume wazima wamefungwa kamba kwenye viti, MacReady, rubani wao, anapasha moto waya, anauchovya kwenye damu ya mmoja mmoja, damu isiyo ya mtu itaruka. Ni lambalamba kabisa, wale wasaka wachawi, wameingia kijijini. Kila waya unapofanya "tsss" na damu isiruke unapumua. Ila watu wengi wanakumbuka damu iliyoruka, mimi nakumbuka ya Clark, yule mtunza mbwa. Walimshuku, naye dakika chache kabla alimvamia MacReady na kisu, MacReady akamuua kwa risasi, wakapima damu yake, mtu safi. Wakaendelea na anayefuata. Aisee.

Alien ya Ridley Scott, 1979, ile ya wafanyakazi kwenye chombo cha mizigo cha angani wanaoingiliwa na dude, iko hivyohivyo ukiiangalia vizuri. Kila mtu anaongelea kile kidude kinachotoka kifuani mezani wakila, na sawa, waigizaji hawakuambiwa damu itakuwa nyingi kiasi kile, halafu utumbo na viungo vingine vilikuwa vya kweli kutoka bucha, yule dada anayerukiwa na damu usoni ule mshtuko hakuuigiza. Na mnajua aliyekuwa ndani ya lile gwanda la dude kubwa ni Mnigeria? Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa waliyemkuta baa London, zaidi ya mita mbili kwenda juu, muvi yake ya kwanza na ya mwisho. Mtu anatisha dunia nzima na hamna anayeijua sura yake.

Ila mimi kilichonikaa kichwani ni mwanzo kabisa, watu saba wanakula, mafundi wawili wanalalamikia bonasi yao. Malalamiko ya kawaida tu ya wafanyakazi. Baadaye inakuja kujulikana kampuni ilishaamua dude lifikishwe salama, wafanyakazi wakifa wafe, na mwenzao mmoja waliyekuwa wanakula naye siyo hata binadamu, ni mashine iliyopandikizwa humo kusimamia hilo. Kama ushawahi kufanya kazi ya mkataba sehemu ukaja kugundua mwenzako wa meza ya jirani ndo alikuwa anapeleka maneno kwa bosi, nadhani hilo dude lenye mdomo ndani ya mdomo halikushtui sana.

The Fly ya 1986, ya mwanasayansi anayegeuka nzi taratibu, siigusi sana, ile nikiiangalia namuona mjomba. Wengi waliiona ni habari ya ukimwi, mwongozaji Cronenberg yeye akasema ni uzee, ni ugonjwa wowote ule. Vyovyote. Mtu unayempenda anabadilika mbele yako kidogo kidogo na bado anakutania, nimeiangalia mara moja, basi.

Turudi kwa bibi. Mwisho wa The Thing kambi imeungua yote, wamebaki wawili nje kwenye baridi, MacReady na Childs, hakuna anayejua mwenzake ni mtu au siyo mtu, MacReady anampa Childs chupa anakunywa, imeisha. Dogo akakasirika, sasa ndo nini, nani kati yao? Akaanza kutafuta majibu kwenye simu, watu wanabishana, mmoja anasema angalia mvuke wa pumzi, mwingine angalia macho.

Bibi tulidhani kalala. Akauliza toka kwenye blanketi, "Huyo aliyetoa chupa, yeye alionja kwanza?"

Tukaangaliana. Dogo akachukua rimoti akarudisha nyuma.