Mvua ya Rochdale na vuli ya Muheza

Wiki hii naanika nguo kwa kutazama saa. Utabiri wa huku Kaskazini Magharibi mwa Uingereza kwa siku hizi za mwisho wa Agosti unasema ubaridi na hali isiyotulia: jua la saa moja, wingu, manyunyu, upepo, kisha jua tena. Mchana nyuzi 16, wakati mwezi huu kwa kawaida hufika 19 au 20. Juzi jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa mtaa huuhuu wa Rochdale, mji ulio jirani na Manchester, aliniita kwa juu ya ukuta wa uani: "Una mpaka saa saba, halafu anua." Saa saba na robo nilikuwa mlangoni na kapu la nguo, matone ya kwanza yakigonga mfuniko wa pipa la taka. Shuka zote zilikuwa kavu.

Nimeishi huku miaka kumi na moja na jambo hili bado linanigusa. Mtu anaanua shuka kwa neno la mtabiri, na neno linatimia.

Ubaridi wenyewe chanzo chake kiko juu sana. Kiasi cha kilomita 10 kutoka ardhini kuna mkondo wa upepo unaokimbia kutoka magharibi, ukivuka Atlantiki. Ukipita kaskazini mwa Uskoti, huku tunapata jua na utulivu. Ukiteremka kusini, unatuletea migandamizo midogo ya hewa, mmoja unaondoka mwingine unabisha hodi, na nyuma ya kila mmoja inafuata hewa ya baridi kutoka upande wa Iceland. Mawingu yakifika kwenye milima ya Pennines, ambayo Rochdale iko miguuni mwake, hupanda, hupoa na kumwaga.

Watu wa nyumbani wakisikia Manchester huwaza mvua tu. Lakini Manchester haifikishi milimita 900 kwa mwaka, na Tanga mjini inavuka 1,200. Huku mvua inagawanywa kidogo kidogo kwenye siku kama 150. Kwetu masika inaweza kumwaga mvua ya mwezi mzima wa Manchester kabla ya adhuhuri, kisha jua likawaka kama hakuna lililotokea.

Wapo wenzangu huku ambao majira yanayofuata, yanayohesabiwa kuanzia tarehe 1 Septemba, huyaita "vuli". Kamusi nazo zinaruhusu. Mimi sikubali. Vuli ni mvua, ni harufu ya udongo wa Muheza, kwetu mkoani Tanga, unapopata maji ya kwanza baada ya kipupwe. Huku kinachokuja ni majani kupukutika na jua kukimbia. Mwezi Juni Magharibi iliingia karibu na saa 3:45 usiku. Sasa ni saa 2 na dakika chache, na kila siku zinakatwa dakika mbili.

Kinachoniuma ni hiki. Huku utabiri unasikilizwa kwa ajili ya nguo, na kwa ajili ya nyama ya kuchoma siku ya sikukuu, Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na unasemwa kwa lugha ya mtu wa mtaani. Kwetu utabiri ni mbegu, ni mashua, ni sare za shule, na unasemwa kwa lugha ya ofisini. Kurekebisha hilo hakuhitaji setilaiti mpya.

Vuli ya 2016 mama alipanda mahindi baada ya mvua mbili. Yakachipua, mvua ikakata. Akapanda tena, yakakauka tena. Nilimpigia nikiwa kazini, nimesimama kwenye ngazi, akanitajia bei ya sado la mahindi pale sokoni kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi yalipoa kuliko kawaida upande wetu na kupata joto upande wa Indonesia, mvua ikahamia kwao. Miaka mitatu baadaye, 2019, ikawa kinyume: joto likaja upande wetu, vuli ikafurika, barabara za Handeni zikakatika. Wataalamu huliona joto hilo baharini kabla wingu halijajikusanya. Swali langu ni jinsi habari hiyo inavyofika shambani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli Agosti inapoelekea ukingoni. Ukiusoma wenyewe utakuta wiki ya mvua kuanza, wiki ya kukatika, na ushauri kwa wakulima na wafugaji. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini ikishapita redioni inabaki sentensi moja: "mvua za wastani hadi chini ya wastani." Mama aliwahi kuniuliza, "Wastani wa nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Wastani ni hesabu ya mvua za miaka 30. Msimu unaweza kuutimiza vizuri kabisa na bado mkulima akalala njaa, mvua ikishuka yote ndani ya wiki mbili kisha ikanyamaza mahindi yakitoa mbelewele. Anachotaka kujua ni kama hii iliyonyesha leo ni mvua ya kupandia au ni rasharasha ya kumdanganya.

Na maneno tunayo. Mjomba wangu ni mvuvi wa Pangani. Mwambie upepo utavuma kutoka kusini mashariki kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, atakuitikia kwa adabu na kuendelea kushona nyavu. Mwambie kusi limekaza na nje ya mwamba mawimbi yanafika mita mbili, ataivuta mashua mchangani. Habari ni ileile.

Hawa wa huku nao walijifunza kwa uchungu. Oktoba 1859 meli Royal Charter, ikitokea Australia kwenda Liverpool, ilivunjwa na tufani kwenye miamba ya kisiwa cha Anglesey, Wales, na zaidi ya watu 400 wakafa wakiwa karibu kabisa na kwao. Robert FitzRoy, nahodha wa zamani aliyekuwa akiongoza idara ya hali ya hewa tangu 1854, akaanza 1861 kutuma onyo la tufani bandarini kwa telegrafu, na Agosti mwaka huohuo utabiri wa kwanza ukachapishwa gazetini. Onyo lilitundikwa mlingotini kwa maumbo meusi ambayo baharia yeyote aliyafahamu, hata asiyejua kusoma. Nikifikiria MV Skagit, meli ya abiria iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo mkali, naona kwamba hata sisi bei tumeshailipa.

Jana usiku nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na habari za machungwa, akaniuliza huku kukoje, nikamwambia baridi, manyunyu, navaa koti mwezi wa nane. Akacheka kidogo, kisha akauliza kama mwelekeo wa vuli umetoka. Nikamwambia ukitoka nitamsomea wote kwenye simu, wilaya yake kwanza.

"Nisomee na ya Amani, mwanangu," akasema. "Mto wetu unatoka kule."

Ana kilo kumi za mbegu. Tano atazitia ardhini mvua ya kwanza ya maana ikinyesha. Tano zinabaki kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya kitanda, mpaka aone ya pili na ya tatu.