Laini 23 kwenye droo

Ukifanya kazi ya uhasibu halmashauri utagundua neno "vocha" lina maana mbili zisizopatana. Kuna vocha ya malipo, yenye saini nne na viambatisho. Halafu kuna vocha ya kukwangua, ya dukani kwa Mangi. Ya kwanza inaweza kuzunguka mezani wiki tatu ili ya pili ipatikane, na wakati huo muuguzi wa zahanati ameshanunua bando kwa hela ya nyanya.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye halmashauri moja ya kando ya Ziwa, jina nalihifadhi. Mwaka mmoja tulinunua laini za data 60 kwa ajili ya zahanati, vituo vya afya na zile mashine za POS wanazotembea nazo watoza ushuru mialoni. Bei ilikuwa nzuri kwelikweli. Kampuni moja, mkataba mmoja, ankara moja kwa mwezi. Mkaguzi alipita, hakuwa na hoja. Siku moja nikafungua droo ya stoo kutafuta wino wa muhuri, nikakuta laini zimefungwa kwa mpira wa bendi, bado ziko kwenye kadi zake za plastiki hata hazijabanduliwa. Nilizihesabu: 23. Zilikuwa zimerudishwa na watu wa visiwani. Na tulikuwa tunazilipia kila mwezi.

Baadaye nilitumwa kwenye kisiwa kimojawapo, kwa mtumbwi wa injini, kukagua vitabu vya zahanati. Rauta nilikuta imefungwa kwenye nondo za dirisha kwa bandeji, imetazamishwa ziwani.

"Sista, hii si laini tuliyowaletea," nikamwambia.

"Ile yenu, mhasibu, ukitaka ishike panda juu ya lile jiwe. Hii nimenunua mwenyewe. Inavuta mnara wa ng'ambo."

Jiwe lenyewe lilikuwa refu kuliko paa la zahanati. Waliozaliwa Mwanza, mji wa mawe, hawatashangaa. Juu ya maji mawimbi ya simu yanasafiri mbali kwa kuwa hakuna cha kuyazuia, lakini mlima mmoja wa mawe ukikaa katikati, umekwisha. Hata mjini, nyumba za vilimani sebuleni unashika mtandao huu, jikoni ule. Ndiyo maana watu wana simu za laini mbili, na mama wauza dagaa wengine wana simu mbili za laini mbili. Mwananchi wa kawaida ananunua mtandao kwa kuangalia anaposimama. Ofisi ya umma inanunua kwa kuangalia bei.

Wengi wanatupa lawama kwa mfumo wa ununuzi, mimi hapana. Tanzania tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, zabuni zinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, na GPSA, wakala wa ununuzi serikalini, wapo kwa ajili ya mikataba maalumu, yaani ya jumla, ya vitu ambavyo kila taasisi inavihitaji. Wazo hilo ni zuri. Uingereza nao wana wakala wao wa ununuzi wa umma, aliyeandaa mkataba wa namna hiyo kwa huduma za simu na data, kisha hospitali au halmashauri inachagua mtoa huduma moja kwa moja au inawashindanisha waliomo. Ila mkataba wa jumla hauwezi kujua kama mtandao unafika nyuma ya jiwe. Hilo lazima aliseme mnunuzi, na sisi hatukulisema. Kwenye mpango wetu wa ununuzi wa mwaka mstari ulisomeka: huduma ya mawasiliano ya simu na intaneti, idadi 1. Moja! Kana kwamba tunanunua tanki la maji.

Wapo watakaosema taasisi ya umma itumie TTCL, shirika letu la simu la serikali, biashara imekwisha. Kwa ofisi ya mjini iliyofikiwa na waya sina ubishi. Visiwani ni hadithi nyingine. Minara mingi ya vijijini imejengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, na ruzuku hiyo hutolewa kwa zabuni, eneo kwa eneo. Kijiji hiki alishinda huyu, cha pili alishinda yule. Kwa hiyo mtandao mmoja kwa halmashauri nzima yenye visiwa ni kujidanganya, hata uwe wa bei ya bure.

Kuna na jambo la usajili, ambalo halionekani kwenye bei. Zahanati moja laini ilisajiliwa kwa NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ya mganga mfawidhi. Mganga akahamishwa, akaondoka na namba. Mwenzake akanunua nyingine, akaisajili kwa jina lake, naye sasa anasubiri uhamisho. Laini ya ofisi isajiliwe kwa jina la ofisi, hata kama makaratasi yanachosha. Na anayeogopa kubadili kampuni eti namba imeandikwa mlangoni kwa rangi, tangu 2017 unahama mtandao na namba yako.

Kinachoniudhi zaidi, niseme tu: wakuu wa idara wana posho ya simu, na wengi ofisini wanatumia intaneti ya jengo. Anayepandisha takwimu za wagonjwa kwenye mfumo kila mwisho wa mwezi, yule wa kisiwani, hana hata senti ya bando. Ripoti ikichelewa anaandikiwa barua.

Dawa yake haihitaji mshauri mwelekezi. Kabla ya kuandika mahitaji, weka safu moja ya ziada kwenye jedwali: hapa kwenu unashika mtandao gani? Kisha gawa zabuni kwa maeneo, na dai ripoti ya matumizi ya kila laini pamoja na ankara, ili isiyotumika ionekane mwezi wa kwanza. Waganga wafawidhi wote wapo kwenye kundi moja la WhatsApp. Ukiwauliza asubuhi, majibu yote yatakuwa yamefika kabla ya chai ya saa nne, kwa bando zao wenyewe.